Hesabu ya Trebusheti na Uvutano Unaojifuta

Kuna swali ambalo napenda kumuuliza mtu yeyote anayejua kidogo fizikia ya vitu vinavyorushwa. Tuseme trebusheti, ule mtambo mkubwa wa mbao uliovunja kuta za ngome katika Zama za Kati, inachukuliwa na kusimikwa juu ya Mwezi, ambako uvutano ni takribani sehemu moja ya sita ya uvutano wa Dunia. Je, jiwe lake litafika mbali mara sita? Wengi hujibu ndiyo bila kusita, kwa kuwa wanajua kwamba tufe la mzinga lingefanya hivyo. Jibu sahihi ni kwamba, tukiweka kando hewa na msuguano, jiwe lingeanguka umbali uleule kabisa. Kwa maoni yangu jibu hilo linaeleza tabia ya mtambo huu vizuri kuliko picha yoyote ya jiwe likipaa, na hesabu zinazolifikia ni chache mno kiasi kwamba aliyesoma fizikia ya sekondari anaweza kuzifuata kwa kalamu na karatasi.

Muundo wenyewe si mgumu kueleza. Boriti ndefu imelazwa juu ya egemeo lililoinuliwa na fremu imara. Upande mmoja wa boriti ni mfupi, nao hubeba sanduku kubwa lililojazwa mawe, udongo au madini ya risasi. Upande wa pili ni mrefu na mwembamba, na kwenye ncha yake hufungwa kombeo, yaani mfuko wenye kamba mbili unaobeba jiwe. Kamba moja ya kombeo imefungwa kwa kudumu, na ya pili ina pete iliyovishwa tu kwenye kijiti cha chuma kilichochomoza mwisho wa boriti. Upande mrefu huvutwa hadi chini, sanduku likapanda juu, kisha kifyatulio kikaachiwa. Sanduku linashuka, boriti inazunguka, jiwe linaburutwa kwenye mfereji ulio chini ya fremu kabla ya kuinuka, kombeo linafunguka kwa nje, na kwa nukta fulani pete inateleza kutoka kwenye kijiti na jiwe linakwenda zake.

Tuanze na nishati. Chukua sanduku la tani 6, yaani kilo 6,000, linaloshuka mita 4. Nishati tuli inayoachiwa ni 6,000 mara 9.8 mara 4, ambayo ni jouli 235,200. Ikiwa jiwe lina kilo 60 na lingepokea nishati hiyo yote, mraba wa kasi yake ungekuwa 7,840, na kasi yenyewe kama mita 88.5 kwa sekunde. Umbali mkubwa zaidi ambao kitu kinachorushwa kutoka usawa wa ardhi kinaweza kufika, pasipo hewa, ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa mchapuko wa uvutano: 7,840 kwa 9.8, sawa na mita 800. Sasa hebu ziandike hatua hizo mbili kwa herufi badala ya tarakimu. Nishati ni M × g × h, yaani tungamo la sanduku mara mchapuko wa uvutano mara kimo cha kushuka, na m ndogo ni tungamo la jiwe. Mraba wa kasi unakuwa 2 × M × g × h ÷ m. Ukiugawanya kwa g ili upate umbali, g ya juu na g ya chini zinafutana. Kinachobaki ni 2 × h × M ÷ m, yaani mara mbili ya kimo cha kushuka, mara uwiano wa tungamo la sanduku kwa tungamo la jiwe. Mara mbili ya 4 ni 8, na uwiano wetu ni 100, hivyo tunapata 800 tena bila kuutaja uvutano hata mara moja.

Hapo ndipo jibu la Mwezini linapotoka. Uvutano dhaifu unalivuta jiwe kidogo wakati wa kuruka, lakini ni uvutano huohuo dhaifu uliolisukuma sanduku. Mzinga hauko hivyo, kwa sababu baruti haipungukiwi na nguvu ikipelekwa kwingine. Mwendo wote wa trebusheti, kuanzia mzunguko wa boriti hadi jiwe kugusa ardhi, ungebaki na umbo lilelile. Tofauti ingekuwa muda tu, kwani kila kitu kingetokea polepole zaidi kwa mara 2.4 hivi, ambayo ni kipeuo cha pili cha 6. Mtazamaji aliyerekodi mrusho huo na kuucheza kwa kasi iliyoongezwa hivyo asingeweza kuutofautisha na mrusho wa Duniani.

Hata hivyo mita 800 ni kikomo cha ndoto. Kazi kubwa ya mtambo, na kwangu mimi sehemu inayovutia kuliko zote, ni namna ya kuhamisha nishati kutoka kwenye kitu kizito kinachokwenda polepole hadi kwenye kitu chepesi kinachopaswa kwenda kasi sana. Nani hajui wenzo? Tukiufanya upande mrefu wa boriti uwe mara 4 ya upande mfupi, ncha yake itakwenda kasi mara 4 ya sanduku. Lakini tukiliweka jiwe moja kwa moja kwenye ncha hiyo, bila kombeo, matokeo yanakatisha tamaa. Nishati mwendo hufuata mraba wa kasi, hivyo jiwe la kilo 60 lenye kasi mara 4 ya sanduku linahesabika kama kilo 60 mara 16, sawa na kilo 960, zikiwekwa kando ya kilo 6,000 za sanduku ambalo nalo bado linakwenda. Katika jumla ya 6,960, sehemu ya jiwe ni 960, yaani kama asilimia 14 tu. Asilimia 86 zinabaki ndani ya sanduku, nazo huishia kuitikisa na kuichakaza fremu baada ya jiwe kuondoka. Mrusho ungefika kama mita 110 badala ya 800, na hapo bado hatujaukata uzito wa boriti yenyewe wala nishati ya kuliinua jiwe hadi juu.

Mtu anaweza kujaribu kuirefusha boriti zaidi ili jiwe lipate sehemu kubwa ya nishati, na kwa hesabu tupu hilo linafaa. Katika mbao halisi boriti ndefu inakuwa nzito, na uzito wake ulio mbali na egemeo unakula nishati kwa kanuni ileile ya mraba. Ndiyo maana upande mrefu ulichongwa ukapungua unene kuelekea nchani.

Suluhisho ni kombeo. Wanaoliona mara ya kwanza hudhani kwamba faida yake ni kuurefusha mkono tu. Kweli linaurefusha, lakini kazi yake kuu ni nyingine: linaruhusu jiwe kuzunguka kwa kasi tofauti na boriti. Mwanzoni boriti inapoanza kuinuka, jiwe linaburutwa nyuma yake. Kisha jiwe linaanza kufagia tao kubwa kuizunguka ncha ya boriti, na kadiri linavyofunguka kwa nje ndivyo kamba zinavyokaza na kuivuta ncha kinyume na mwendo wake. Mvuto huo unaifunga breki boriti, na boriti inalifunga breki sanduku. Nishati iliyokuwa ikisafiri na sanduku haina pa kwenda isipokuwa kwenye jiwe. Mjeledi hufanya jambo hilohilo: mkono wa anayeucharaza unasimama, lakini ncha inapasua hewa. Katika trebusheti iliyorekebishwa vizuri, pete inapoachia, boriti inakuwa imekaribia kusimama wima na sanduku limekaribia kutulia chini kabisa. Ukitaka kujua kama mtambo unafanya kazi vizuri, usilitazame jiwe, tazama sanduku mara tu jiwe linapoondoka. Sanduku linalobembea kwa fujo ni nishati iliyopotea.

Tuseme ufanisi ni nusu. Umbali unakuwa mita 400, mraba wa kasi 3,920, na kasi kama mita 62.6 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 225 kwa saa. Kama kombeo lina urefu wa mita 6 na ncha ya boriti imekaribia kutulia, kani inayohitajika kulizungusha jiwe ni tungamo mara mraba wa kasi, ukigawanya kwa nusu kipenyo cha mzunguko: 60 mara 3,920 kwa 6, sawa na niutoni 39,200. Huo ni uzito wa tani 4. Jiwe ambalo watu wawili wangeweza kulibeba linazivuta kamba kama kitu cha tani 4, na ndiyo kani inayoweza kulisimamisha sanduku la tani 6. Mtu akiniuliza sehemu ipi ya trebusheti ikaguliwe kabla ya kila mrusho, nitamwonyesha kamba za kombeo kabla ya mbao zote.

Sanduku nalo lina siri ndogo. Likikazwa kwenye boriti lisitikisike, linalazimika kufuata tao la duara, na sehemu ya mwendo wake inakuwa ya kwenda pembeni badala ya kushuka. Likining'inizwa kwa bawaba linashuka karibu na mstari wa wima. Mtambo ukiwekwa juu ya magurudumu, fremu nzima inasogea nyuma na mbele wakati wa mrusho, na sanduku linapata njia iliyonyooka zaidi ya kushuka. Baadhi ya waliojenga upya mitambo hii katika zama zetu wameona kwamba magurudumu yanaongeza umbali na kupunguza mtikisiko. Mtu angedhani kwamba mtambo unaoteleza unapoteza nguvu, kumbe unaookoa nguvu ndio huo.

Sasa jiwe liko hewani. Galileo, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638, alionyesha kwamba kitu kilichorushwa kina mienendo miwili isiyoingiliana: mwendo wa mlalo usiobadilika, na mwendo wa wima unaochapuka kuelekea chini. Njia rahisi ya kuona hilo ni kufikiria mstari ulionyooka ambao jiwe lingeufuata kama uvutano usingekuwepo, kisha kupima jinsi linavyoanguka chini ya mstari huo. Baada ya sekunde 1 liko mita 4.9 chini yake, baada ya sekunde 2 mita 19.6, baada ya sekunde 3 mita 44.1. Jiwe letu lililoachiwa kwa pembe ya nyuzi 45 linasogea mbele mita 44.3 kila sekunde, na mstari wake wa kufikirika unapanda kwa kiasi hichohicho. Hivyo baada ya sekunde 1 liko juu mita 39, baada ya sekunde 2 mita 69, baada ya sekunde 3 mita 89. Linafika kileleni, mita 100, baada ya sekunde 4.5 hivi, kisha linashuka kwa sura ileile iliyogeuzwa. Kilele hicho ni robo kamili ya umbali wa mita 400, na uwiano huo ni wa kudumu kwa kila mrusho wa nyuzi 45 katika parabola safi, yaani njia ya tao ambayo kitu kilichorushwa hufuata pasipo hewa.

Inafaa kukumbuka kwamba waliojenga mitambo hii hawakuwa na elimu hiyo. Aina ya kale zaidi, ambayo watu wengi walivuta kamba kwa pamoja, ilitoka China. Aina yenye sanduku la uzito ilijitokeza katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania katika karne ya 12, na mwandishi aitwaye al-Tarsusi aliieleza katika kitabu cha silaha alichomwandikia Salah al-Din. Mwaka 1273 mitambo iliyojengwa na mafundi Waislamu kutoka magharibi ilisaidia majeshi ya Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, kuuteka mji wa Xiangyang huko China, na mwaka 1304 Edward wa Kwanza wa Uingereza alitumia mtambo mkubwa mno kuishambulia ngome ya Stirling huko Scotland. Katika karne iliyofuata ile ya Xiangyang wasomi kama Jean Buridan walikuwa bado wanabishana ni kitu gani kinacholiendesha jiwe likishatoka mkononi. Hata Tartaglia, mwanahisabati wa Italia aliyeandika mwaka 1537 kwamba nyuzi 45 ndiyo pembe ya umbali mkubwa zaidi, bado alichora njia ya tufe la mzinga kama mstari mnyoofu, kisha tao, kisha mstari wa kushuka wima. Mafundi walilenga shabaha kwa karne nyingi kabla ya wanafalsafa kukubaliana kuhusu umbo la njia.

Waliwezaje? Sehemu ya jibu imo ndani ya parabola yenyewe, na ni sehemu ambayo vitabu vya shule huipita haraka. Karibu na nyuzi 45, umbali haujali sana makosa ya pembe. Mrusho wetu wa mita 400 ukiachiwa kwa nyuzi 40 au 50 unafika mita 394. Kwa nyuzi 35 au 55 unafika 376, na kwa nyuzi 30 au 60 unafika 346. Hilo ni jambo la heri, kwa sababu wakati wa kuachia jiwe linazunguka kama nyuzi 600 kwa sekunde, kwa hiyo nyuzi 5 hupita katika muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Hakuna mkono wa mtu ungeweza kuachia kamba kwa usahihi huo. Kazi hiyo imekabidhiwa kwa kijiti cha chuma na pete: kijiti kikipindwa zaidi kuelekea mbele, pete huchelewa kutoka na jiwe huenda chini zaidi, kikinyooshwa, pete hutoka mapema na jiwe hupanda. Utelezi wa chuma, unyevu na uchakavu hubadilisha kidogo nukta ya kuachia, lakini parabola inasamehe.

Nyuzi 45, hata hivyo, si sheria ya mtambo. Jiwe huachiwa likiwa juu ya ardhi, na kwa kimo cha mita 10 pembe bora ya jiwe letu inashuka kidogo hadi nyuzi 44.3, huku umbali ukiongezeka kwa mita kama 10. Hewa nayo huivuta pembe bora chini zaidi. Isitoshe, kasi si ileile kwa kila pembe: mtambo unaotoa nishati nyingi zaidi ukiachia kwa nyuzi 40 hautafaidika kwa kulazimishwa kusubiri au kuwahi. Na mara nyingi umbali mkubwa haukuwa lengo. Mrusho wa nyuzi 30 na ule wa nyuzi 60 huanguka mahali pamoja, lakini wa kwanza hufika kilele cha mita 50 na kudumu hewani sekunde 6.4, na wa pili hupanda mita 150 na kudumu sekunde 11. Wa kwanza unaupiga ukuta usoni. Wa pili unaupita juu na kuangukia walio nyuma yake.

Kuhusu hewa, mfano wa kweli unasaidia. Trebusheti iliyojengwa katika ngome ya Warwick nchini Uingereza, yenye kimo cha mita 18 na uzito wa tani 22, ilirusha mwaka 2006 kitu cha kilo 13 umbali wa mita 249 kwa kasi ya kilomita 195 kwa saa. Kasi hiyo ni mita 54 kwa sekunde, na parabola tupu ingetoa kama mita 299. Pengo la mita 50 si la kushangaza. Kama kitu hicho kingekuwa tufe la jiwe, ukinzani wa hewa mwanzoni mwa safari ungekuwa kati ya sehemu moja ya kumi na robo ya uzito wake, kutegemea ukwaru wake. Hewa pekee inaweza kula sehemu kubwa ya pengo, na pembe isiyokuwa bora inaweza kula iliyobaki. Je, mawe makubwa huathirika zaidi ya haya madogo? La, kinyume chake: uzito hukua kwa mchemraba wa kipenyo, ilhali eneo linalokutana na hewa hukua kwa mraba, hivyo jiwe la kilo 100 huathiriwa na hewa kidogo kuliko jiwe la kilo 13.

Kosa ambalo parabola haisamehi ni la uzito wa jiwe. Umbali unafuata M ÷ m, kwa hiyo jiwe la kilo 63 likiingizwa mahali pa jiwe la kilo 60 linaangukia mita 19 nyuma ya lengo, na ukuta wa ngome hauna unene wa mita 19. Ndiyo sababu mawe yalichongwa yakawa matufe yenye ukubwa mmoja, kazi ya siku nyingi kwa waashi, ambayo ingeonekana ni anasa kwa kitu kinachokwenda kupasuka. Sanduku ndilo lililokuwa rahisi kurekebisha: ukiongeza au kupunguza mawe ndani yake unasogeza pigo mbele au nyuma kwa hatua ndogo, kwani kilo 60 za ziada katika tani 6 ni asilimia 1, kama mita 4 kwenye lengo. Fundi mwenye busara alikiacha kijiti na kombeo kama vilivyo baada ya mirusho ya kwanza, akawasimamia waashi wapime kila jiwe, na marekebisho yote yaliyobaki akayafanya kwa koleo ndani ya sanduku.